Kabla Hujainua Sururu: Mwongozo wa Mchimbaji wa Mwembesongo

Wapo wanaodhani kuchimba ni kazi ya mikono. Sisi wa Mwembesongo, Morogoro, hatukubali. Hapa shimo huanzia mdomoni: unamwambia jirani, jirani anamwambia mjumbe, mjumbe anamwambia fundi, na kabla sururu haijagusa udongo watu saba wamekwisha simama pembeni wakikuonyesha ulipokosea. Usiwafukuze. Mwongozo huu wote umewategemea wao. Katika kila sababu inayomfanya mtu achimbe, iwe choo, kisima, kaburi, matuta, mali, mifupa au hata bomu, yupo mmoja anayepaswa kuulizwa kwanza, na karibu kila shimo baya ninalolijua ni shimo ambalo mtu huyo hakuulizwa.

Vifaa kwanza. Sururu ya kuvunja ardhi ngumu, jembe la kuvuta, chepe la kutoa, ndoo na kamba utakapozama kupita kimo chako, na mtaimbo wa kung'oa mawe na kuachanisha mizizi ya mwembe. Mtaimbo usinunue. Kila mtaa una mtaimbo mmoja unaozunguka nyumba hadi nyumba; ulizia tu wiki hii umelala kwa nani. Mwenye nao atataka kujua unachimba nini, na hapo utakuwa umekwisha anza kuufuata mwongozo huu.

Kisha piga hesabu ya udongo, kwa sababu wengi hupiga hesabu ya shimo peke yake. Shimo la duara la choo lenye upana wa mita 1.2 na kina cha mita 3 hutoa zaidi ya mita 3 za ujazo, na uzito wake unakaribia tani 5. Udongo ukishatoka hulegea na kutanuka, kwa hiyo lundo litakuwa kubwa kuliko shimo lililolizaa. Lundo hilo lisikae ukingoni. Uzito wake unausukuma ukuta wa shimo, na aliyemo ndani ndiye atakayeupokea. Lisogeze mita moja au zaidi, upande yanakotokea maji ya mvua, likusaidie kuyageuza. Mtaroni usiliweke kamwe. Mtaro nao ni shimo, una wenyewe, na walitoa jasho kuuchimba.

Tuanze na choo, maana hakuna nyumba inayokikwepa. Wa kuulizwa ni mwenyeji wa siku nyingi, hasa mama aliyelelea watoto wake katika kiwanja cha jirani, na swali ni moja: masika maji yanapanda hadi wapi? Milima ya Uluguru imekaa juu yetu, vilele vyake vikipita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, nasi mjini tuko kwenye mita 500 hivi. Mvua inayonyesha kule inateremka na mto Morogoro, inapita mjini na kuingia Ngerengere, na sehemu yake hupita chini ya nyayo zetu bila kuonekana. Shimo lililochimbwa Septemba likawa kavu mpaka chini linaweza kuwa na maji ya magoti ifikapo Aprili. Wataalamu wa afya wanataka sakafu ya shimo la choo ibaki juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au 2 hata masika yakikolea. Basi mama akikwambia maji hupanda hadi nusu ya shimo lako, usibishane naye kwa kuwa leo umeona pakavu. Punguza kina, inua choo kwa matofali, jenga ngazi tatu za kupandia.

Halafu umbali. Kanuni inayofundishwa na mabwana afya ni mita 30 kati ya choo na kisima. Sasa chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20. Simama kona moja, utazame kona ya mbali kabisa: ni mita 28 na kidogo. Maana yake mwenye kiwanja cha kipimo hicho hawezi kuitimiza kanuni hii peke yake, hata akiweka choo huku na kisima kule mwisho. Usalama wa kisima chako uko kwenye choo cha jirani wa kushoto, na usalama wa kisima cha jirani wa kulia uko kwenye choo chako. Ramani ya vyoo ni mali ya mtaa mzima. Kaeni chini ya mti, mchore ardhini kwa kijiti, mkubaliane vyoo viwe upande gani na visima upande gani, halafu ndipo mwenye haraka achimbe.

Nchi hii ilishawahi kuchimba kwa mtindo huo, na kwa ukubwa wa kushangaza. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu karibu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba, na vyoo vilivyotokana na vikao vile vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Naipenda sana historia hii. Redio haikushika jembe hata mara moja, lakini iliwapa watu nafasi ya kuulizana kabla ya kulishika.

Ukishakuwa na choo cha shimo chenye majimaji, mbu watakuja. Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga vyooni chembechembe nyepesi za plastiki, zile nyeupe zinazoelea. Zilifunika uso wa maji kwa tabaka nene, viluwiluwi wakakosa pa kupumulia, na mbu wanaoeneza matende wakapungua mno. Ni dawa inayofaa kukumbukwa na kila mtaa wenye maji ya juu kama wetu.

Kisima kinamhitaji fundi, na fundi mzuri wa visima utamjua kwa woga wake. Anauogopa ukuta wa mchanga, anaiogopa kamba iliyochakaa, na zaidi ya vyote anaiogopa hewa. Chini ya kisima hewa nzito isiyofaa kupumua hukusanyika bila harufu wala rangi. Mtu anashuka akiongea, ghafla ananyamaza. Ndugu yake anashuka kumwokoa, naye ananyamaza. Familia zimepoteza watu wawili, watatu, ndani ya shimo moja kwa namna hii, na kila aliyeshuka alishuka kwa upendo. Kwa hiyo teremsha taa inayowaka kwanza. Ikizimika, hashuki mtu. Ila ikiendelea kuwaka usijione umesalimika, kwa maana zipo hewa za sumu zisizozima moto, na hasa moshi wa mashine. Pampu ya petroli isiteremshwe kisimani hata kidogo. Ikae juu, mbali na mdomo wa kisima, upande ambao upepo hauurudishi moshi. Anayeshuka afungwe kamba kifuani, na juu wabaki watu wawili wenye nguvu ya kumvuta bila wao kushuka. Kuta zikianza kumung'unyuka, simamisha kazi mpaka pete za zege zifike. Fundi akisema leo hashuki, mpe chai, mwache aende, umwombe radhi kwa kumharakisha.

Msingi wa nyumba sitaukalia sana, kwa sababu kila mwanamume wa Mwembesongo ana maoni yake juu ya msingi na hakubali kuyabadilisha. Uliza tu bomba la maji linapita wapi. Aliyelifukia hakuweka alama, lakini dada mwenye genge pale kona aliwaona walipolilaza na anakumbuka hadi mchana ule walikula nini.

Kaburi ndilo shimo lenye adabu kuliko yote. Halina tangazo la zabuni. Kipaza sauti cha msikiti kikilia au kengele ikigongwa, vijana wanajikusanya, na wanaopokezana sururu ni wale wale ambao jana walikuwa wanagombana kijiweni. Wa kuulizwa ni wafiwa, na wanaulizwa kwa upole kupitia mzee mmoja, wasisumbuliwe na kila mwenye chepe. Kama marehemu ni Mwislamu, kumbuka kwamba kutoka Morogoro Makka iko kaskazini, imeegemea mashariki kidogo tu. Kaburi hulazwa mashariki kwa magharibi, kichwa mashariki, ili maiti akilazwa ubavu wa kulia uso uelekee Kibla. Mwanandani uchimbwe upande huo huo wa Kibla, upana wa kumtosha bila kumbana. Kama ni Mkristo, pima sanduku kabla ya kufika makaburini, upana na urefu pamoja na vishikio vyake. Hakuna fedheha kubwa kuliko jeneza kusubiri pembeni huku watu wanachonga kuta mbele ya mjane. Mtani wa marehemu akiruka shimoni na kukataa kutoka mpaka alipwe, mlipeni kidogo mcheke. Yupo pale kwa kazi yake, na wafiwa wanahitaji kicheko kile kuliko anavyohitaji yeye hela.

Mji huu unajua uzito wa kazi hiyo. Agosti 10, 2019 lori la mafuta liliwaka moto Msamvu baada ya kupinduka, na waliokufa wakapita 100. Wengi walizikwa Kola. Siku zile hakuna aliyeuliza zamu ni ya nani. Wenye nguvu walichimba, wasio na nguvu walileta maji, na kuna makaburi yaliyofukiwa na watu wasiomjua aliyelazwa ndani. Anayetaka kujifunza kuchimba Morogoro aanze kwa kwenda Kola kimya kimya, na akitoka hapo apitie Mazimbu. Huko wamelala Waafrika Kusini wa ANC, waliokuja kujenga chuo chao cha Solomon Mahlangu kuanzia miaka ya 1970 na hawakubahatika kurudi nyumbani. Chuo kilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, majengo yakawa ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, yaani SUA. Makaburi yale yametuachia dhamana ya kuyatunza.

Sasa tupande mlimani, maana uchimbaji uliowahi kuitikisa Uluguru yote ulikuwa wa matuta.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Hofu yake ilikuwa na msingi: udongo ulikuwa unateremka na mito inajaa tope. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa matuta ya ngazi, na ikaja kama amri. Watu walitolewa kwenda kuchimba miteremko kwa jembe la mkono, kazi ngumu isiyo na malipo, na sehemu kubwa ya mzigo ikawaangukia wanawake. Wakulima walikuwa na neno la kusema. Katika miteremko mikali ya upande wa Matombo udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichonga ngazi unaufukia ule mzuri na kuuleta juu ule wa chini usiozaa. Mavuno kwenye matuta mapya yaliwapa haki. Lakini aliyetoa amri hakuwa ameuliza, na aliyejua hakuwa na pa kusemea. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Matuta ya lazima yakafia hapo. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilipata masikio mengi milimani baada ya siku ile.

Ukiishia hapo unaweza kudhani Mluguru hapendi tuta. Nenda Mgeta, upande wa pili wa mlima, utazame. Kule matuta yamepanda mlima mzima yakibeba kabichi, karoti na njegere, yamemwagiliwa maji kwa vifereji, na wenyewe wanayakarabati kila msimu bila kusukumwa na mtu. Mboga zina soko, maji yapo, tuta linamlipa aliyelichimba. Jembe ni lile lile na mgongo ni ule ule. Kilichotofautiana ni kwamba huku mwenye shamba alijiuliza mwenyewe na kujijibu.

Mgeta pia ina onyo lake. Februari 23, 1970 mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha kwa muda usiozidi saa tatu, na milima ikaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Watafiti waliokwenda kuhesabu makovu yale waliona kwamba karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyika za majani. Yaliyoanzia msituni yalikuwa machache mno. Kwa hiyo ukichimba mteremko, acha miti. Mizizi yake inaishikilia ardhi kwa kina ambacho tuta halifiki.

Miaka hamsini na kitu baada ya Matombo, wakulima wa Kibungo Juu waliulizwa. Mashirika ya CARE na WWF yalikaa nao kuhusu mto Ruvu, ambao maji yake ndiyo Dar es Salaam inakunywa, na tope lake likitoka mashambani kwao. Mpango uliofikiwa ulikuwa wa kulipana: wakulima wachimbe matuta, wapande miti, watie samadi, na watumiaji wakubwa wa maji mjini, wakiwemo DAWASCO na Coca-Cola Kwanza, wachangie malipo. Fedha hazikuwa nyingi na mpango ulikuwa na mapungufu yake. Hata hivyo ulitambua jambo ambalo amri ya 1950 haikulitambua: mtu anayechimba Kibungo ili bomba la Magomeni litoe maji safi anafanya kazi ya mtu mwingine, na mtu huyo anadaiwa. Ningependa kila anayefungua bomba Dar es Salaam alijue deni hilo.

Ukiwa na shamba la mteremko, fanya hivi. Muulize mjomba. Katika mila ya Waluguru ardhi ya ukoo hupitia upande wa mama, na mtu anaweza kuruhusiwa kulima bila kuruhusiwa kupanda miti ya kudumu au kuzika. Mjomba akikubali, funga miti mitatu iwe umbo la herufi A, uning'inize jiwe kwa uzi kutoka kileleni, na uweke alama ya katikati kwenye mti wa kulala. Tembeza kifaa hicho kando ya mlima. Uzi ukigusa alama, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Hapo ndipo pa kuchimba mfereji. Udongo utupe upande wa juu. Ndiyo fanya juu, mtindo uliotokea Machakos nchini Kenya, na jina lake la Kiswahili linatumika hadi kwenye vitabu vya kilimo vya Ulaya. Kwanza mgongo utalalamika, kwa kuwa kutupa udongo chini ni rahisi zaidi. Lakini mvua mbili tatu zikipita, ukingo ule wa juu unashika udongo unaoteremka na shamba linajisawazisha lenyewe polepole. Juu ya ukingo panda majani ya ng'ombe. Udongo wako ukiwa mwembamba kama wa Matombo, usichonge ngazi kwa siku moja. Iachie mvua kazi hiyo.

Tushuke tena, tukazungumze na wale wanaochimba usiku.

Hadithi ya mali ya Mjerumani iko kila mkoa, na Morogoro inaipa nguvu kwa sababu reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1907, na jeshi lao lilipouacha mji Agosti 1916 lilipita pembeni mwa Uluguru kuelekea Kisaki likiwa na haraka. Msikilizaji anaunganisha haraka ile na sanduku la dhahabu. Sarafu za dhahabu zilikuwepo kweli: rupia 15 zenye picha ya tembo, zilizopigwa mwaka 1916 katika karakana ya reli kwa dhahabu ya Sekenke, zisizozidi elfu kumi na sita na kidogo. Lakini zilipigwa Tabora, karibu kilomita 600 magharibi mwa kiwanja chako, na Morogoro ilipotekwa wale wa huku hawakuwa na njia ya kuzileta wazizike chini ya mwembe wa babu yako. Anayekuuzia ramani anaishi kwa kuuza ramani. Muulize swali moja: kwa nini hachimbi yeye? Na zege lenye msumari ulilolikuta mpakani, ukadhani ni alama ya hazina, ni bikoni ya upimaji. Ukiing'oa umewaachia watoto wako kesi ya mpaka.

Anayetaka utajiri wa chini ya ardhi aufuate kwa mlango wa mbele. Mkoa wetu unao. Rubi ziko upande wa Matombo. Ipanko, karibu na Mahenge wilayani Ulanga, mwaka 2007 yalitoka mawe makubwa ya spineli nyekundu, moja likiwa na kilo 52, na wauzaji wa vito duniani hadi leo wanalitaja jina la Mahenge kwa heshima. Juni 2020 mchimbaji mdogo wa Mirerani, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali vipande viwili vya tanzanite, vya kilo 9.27 na kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74, mchana kweupe mbele ya kamera. Alikuwa na leseni. Ofisi ya madini ndiyo ya kuulizwa, na kuuliza kwake kunaanza na kukubali kwamba madini ni ya umma hata yakiwa chini ya kitanda chako. Wachimba mchanga wa mtoni nao wajue sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo. Mto Morogoro ukichimbwa kingo unahamia kwenye nyumba za watu, na haubagui kati ya aliyechimba na asiyechimba.

Wapo pia wanaochimba kutafuta yaliyopita. Kuanzia 1909 hadi 1913, Tendaguru mkoani Lindi, Wajerumani walitoa mifupa ya dinosauri yenye uzito wa zaidi ya tani 200. Mifupa ilikwenda bandarini Lindi juu ya vichwa vya wapagazi, kisha Berlin, ambako mmoja wa wanyama wale amesimamishwa akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Waliochimba walikuwa mamia ya watu wa kusini, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, aliyejua kuusoma mfupa ndani ya udongo hivi kwamba wanasayansi walimtegemea. Jina lake linastahili kusemwa kila linapotajwa jumba lile la Berlin. Kwa hiyo jembe lako likigonga kigae cha chungu cha kale au mfupa uliogeuka jiwe, simama. Usiuchokonoe. Vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 vinalindwa na sheria ya mambo ya kale, na mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu atajua pa kupeleka habari. Laetoli wataalamu walizifukua nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.66 iliyopita, wakazipima, kisha katikati ya miaka ya 1990 wakazifukia tena zisiharibiwe na mizizi na jua. Kufukia nako ni utaalamu.

Nimembakiza mshauri mmoja, naye ana mkia. Panyabuku, anayechimbuliwa mashambani na wengine kwa kula mazao na wengine kwa kitoweo, ndiye mtaalamu wa uchimbaji mwenye sifa kubwa kuliko wote waliotoka Morogoro. Shirika la APOPO lilihamia SUA mwaka 2000, na tangu hapo linawafundisha panya hao kunusa baruti iliyozikwa. Panya anafungwa kamba nyepesi, anatembea kati ya watunzaji wawili, na akiinusa anasimama na kukwangua udongo. Uzito wake wa kilo moja na kidogo hauwezi kulipua bomu. Eneo la uwanja mmoja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa hivi, ilhali mtu mwenye kifaa cha kunasa chuma anaweza kutumia siku nne, kwa sababu kifaa kinalia hata kwa msumari na kizibo cha soda, na panya hashughuliki navyo. Msumbiji ilitangazwa kuwa huru dhidi ya mabomu ya ardhini mwaka 2015, na panya wa Morogoro wana sehemu yao katika kazi ile. Magawa, aliyezaliwa hapa SUA, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu ya PDSA ya Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu 2021, akafa Januari 2022 akiwa na miaka minane. Ronin, mdogo wake kwa kazi, kufikia 2025 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 109.

Panya akishakwangua, anayechimba ni mtu, na uchimbaji wake uwe somo kwetu sote. Hachimbi kutoka juu. Anapiga magoti pembeni, anaingiza kijiti chake kwa kulala kutoka ubavuni, anaondoa udongo kidogo kidogo kama anayefuta mchanga usoni mwa mtoto aliyelala. Yeye anajua kwamba ardhi ile ina mtu aliyeitendea ubaya kabla yake. Ukikuta chuma usichokielewa shambani, iwe ganda la risasi au kitu cha duara chenye kutu, usikipige sururu kukijaribu. Rudi kwa njia uliyojia, zuia watoto, waite polisi.

Shimo lililokosa kazi lifukiwe. Mashimo ya matofali ya kuchoma ndiyo yanayonitia hofu kuliko mengine, maana matofali yameshauzwa, nyumba imeshapauliwa mtaa mwingine, na shimo limebaki linajaa maji ya masika mahali watoto wanapochezea mpira. Kama umechimba matofali, bei ya matofali iwe na gharama ya kufukia ndani yake, na mnunuzi aulize kabla ya kulipa. Mpaka hapo lizungushie miti na miiba. Kufukia kwenyewe kufanywe kwa tabaka: weka udongo wa kina cha kiganja na nusu, shindilia kwa gogo, nyunyiza maji kidogo, weka mwingine. Mawe chini, udongo mweusi juu. Malizia kwa kichuguu kinachopita usawa wa ardhi kwa futi moja, kwa sababu udongo utazama. Masika ya kwanza yakipita rudi ukakague, ongeza karai tatu nne pale palipobonyea, upande mgomba. Mtaimbo uoshwe na urudishwe kabla ya jua kuzama, kwa kuwa mtaa wa pili kuna mtu ameshauulizia.